Mwanajeshi Unayekaribia Likizo: Ona Kwanza, Ndipo Ulipe

Ndugu mwanajeshi unayelinda amani Jamhuri ya Afrika ya Kati, likizo imekaribia na unatafuta nyumba ya kupanga Dar es Salaam. Tafadhali, usilipe kabla ya kuona. Dalali akikutumia picha na kudai kodi ya miezi sita, mtume ndugu unayemwamini. Afungue bomba, aone kama maji yanatoka. Aulize kama mita ya Luku ni yako peke yako au mnachangia. Amwone mwenye nyumba mwenyewe, kisha amuulizie kwa mwenyekiti wa mtaa. Ukifika, soma mkataba wote, weka saini mbele ya shahidi, dai risiti. Ukirudi kazini, familia ibaki salama. Kumbuka: ona kwanza, ndipo ulipe.