Prosesa Mbili, Mfuko Mmoja: Chagueni kwa Kazi Mtakayoifanya

(Hotuba ya afisa wa TEHAMA wa kaunti kwa vikundi vya vijana na akina mama wanaopanga kufungua vituo vya huduma za kompyuta)

 

Swali ambalo vikundi vingi vimeniletea ni hili: tumechanga pesa, tunataka kuundiwa kompyuta mpya ya mezani, tuchukue prosesa ya AMD Ryzen 5 5600G au Intel Core i5-12400F? Najua kinachowaharakisha. Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi kuukuu hazikubaliwi na Windows 11. Prosesa hizi zote mbili zinakubaliwa.

Ukisoma maboksi yake utadhani ni mapacha. Ryzen ilitoka mwaka 2021, Core ikatoka 2022. Kila moja ina viini 6 na kasi ya juu ya gigahazi 4.4. Ndiyo maana muuzaji anaweza kukwambia, "Zote ni sawa, chukua iliyopo." Ndugu zangu, si sawa. Tofauti iko kwenye herufi ya mwisho.

Herufi G kwenye hiyo Ryzen inaonyesha kwamba sehemu ya kutoa picha kwenye skrini imo ndani ya prosesa yenyewe. Herufi F kwenye hiyo Core ina maana kwamba sehemu hiyo haifanyi kazi. Ni lazima ununue kadi ya picha kando.

Kikundi kimoja kiliniita baada ya kununua yenye F kwa kuwa ilikuwa nafuu kidogo. Mashine iliwashwa, feni ikazunguka, skrini ikabaki nyeusi. Wakadhani bodi imeungua. Hakuna kilichoungua, hakukuwa na kadi ya picha. Pesa walizotenga za printa na karatasi zikanunua kadi. Walipofungua kituo, Juni ilikuwa imekwisha, na foleni ya watu wa kujaza ritani za ushuru ilikuwa imepita. Hasara yao haikuwa ya kadi tu, bali ya msimu mzima wa kazi.

Basi chagueni hivi. Kama kazi yenu ni eCitizen, ritani, kuchapa barua, kuskani vyeti na kutengeneza mabango mepesi, 5600G inatosha, na hamhitaji kadi ya picha. Lakini mjue kwamba inaazima kumbukumbu ya kompyuta ili kutoa picha. Kwa hiyo wekeni vipande viwili vya gigabaiti 8, si kimoja cha 16. Vikifanya kazi pamoja picha hutoka kwa kasi zaidi.

Kama mnataka kuhariri video za harusi au kufungua ukumbi wa michezo ya kompyuta, na kadi nzuri ya picha imo kwenye bajeti, 12400F ndiyo bora. Ikishafungwa kadi hiyo, huishinda 5600G kwenye michezo. Ipo pia Core i5-12400 isiyo na F, ambayo hutoa picha yenyewe, ingawa kwa michezo sehemu yake ya picha ni dhaifu kuliko ya 5600G.

Msilinganishe bei ya prosesa pekee. Andikeni jumla: prosesa, bodi, kumbukumbu, na kadi ikihitajika. Bodi ya Ryzen hii haiingii Core, wala ya Core haiingii Ryzen. Bodi za Core hii ziko za DDR4 na za DDR5, na kumbukumbu zake haziingiliani. Nayo bodi ya B450 iliyokaa sana dukani huenda ikahitaji programu yake ya kuwashia, yaani BIOS, isasishwe kabla ya kuitambua 5600G. Mwambieni fundi alithibitishe hilo kabla hamjalipa.

Kuhusu siku za usoni, msidanganywe. Kampuni zote mbili zimeshahamia bodi za aina nyingine, AMD mwaka 2022 na Intel mwaka 2024. Nunueni inayofaa kazi ya leo.

Mwisho, mweka hazina asiende dukani peke yake. Nendeni wawili au watatu, someni jina lote kwenye boksi hadi herufi ya mwisho, kisha mashine iwashwe na skrini ionyeshe mbele ya macho yenu. Chukueni risiti ya eTIMS na karatasi ya waranti. Pesa za kikundi ni jasho la watu wengi, na kusoma herufi moja hakugharimu hata shilingi.

 Sasa nakaribisha maswali.