Mbwa Mdogo na Hodi ya Kutoka



Juma lililopita tulizungumza juu ya kukagua karanga za mbegu. Leo nabaki humo humo stoo, ila nitazungumza juu ya yule anayelala kando ya magunia, yaani mbwa mdogo. Najua wapo watakaocheka na kusema, "Bwana Shamba amemaliza habari za mahindi, sasa anatufundisha kulea mbwa!" Cheka, ndugu yangu, lakini sikiliza.

Katika vijiji vyetu vya Uyui, Sikonge na Urambo mbwa ni mfanyakazi. Ngedere na nguruwe pori hawamwogopi Bwana Shamba, wanamwogopa mbwa. Lakini mbwa huyo huanza akiwa mdogo, na mdogo hawezi kulala nje, kwa sababu fisi anapita, na pengine chui. Basi tunamfungia ndani, mara nyingi mahali penye chakula chetu. Usiku haja inambana, mlango umefungwa, anajisaidia palepale. Asubuhi ni kelele na fimbo.

Mwanzoni mwa mvua nilifika kwa mama mmoja upande wa Kwihara. Alinionyesha gunia la karanga alizokwisha kuzibangua tayari kwa kupanda. Upande wa chini ulikuwa umelowa mkojo na karanga zimeshika ukungu.

"Bwana Shamba, mbwa huyu ana kisirani. Leo namtupa porini."

Nikamwuliza, "Mama, usiku hakulia?"

Akafikiri kidogo. "Alilia, tena alikwaruza mlango. Nikamkemea anyamaze."

Unaona, ndugu mkulima? Mbwa alipiga hodi, mwenye nyumba hakuitikia. Zile karanga zenye ukungu tulizitenga na kuzifukia, maana ukungu huo waweza kuwa na sumukuvu, na sumukuvu haiondoki kwa kukaanga wala kwa kuchemsha. Hata kuku usiwape. Hasara ilikuwa ya mbegu za msimu mzima kwa sehemu yake ya shamba, na sababu yake ni mlango ambao haukufunguliwa.

Sasa, mbwa kwa asili yake hapendi kuchafua anapolala. Akifika umri wa wiki tatu hivi, akiwa bado ananyonya, huanza kujikokota mbali kidogo na malalo. Nusu ya somo amekwisha kulipata. Nusu inayobaki ni yako: kumpa ishara moja ambayo wewe uliyelala utaisikia, na kujizoeza kuamka.

Anza mchana, usianze usiku. Mtazame. Mtoto wa mbwa huhitaji kutoka kila anapoamka, muda mfupi baada ya kula, na baada ya kucheza. Utamwona ananusa chini, anazunguka mahali pamoja, au anaacha mchezo ghafla na kwenda pembeni. Hapo usingoje. Mwite, mwongoze mpaka mlangoni, mtoke pamoja, umpeleke mahali palepale siku zote, kwa maana harufu ya jana humkumbusha kazi ya leo. Akimaliza tu, palepale, msifu na umpe kipande cha ukoko wa ugali au kichwa cha dagaa. Nasema palepale! Ukingoja mpaka mrudi ndani, atadhani anasifiwa kwa kuingia.

Siku mbili tatu zikipita, chukua kopo tupu, tia kokoto chache, litoboe na ulitundike kwa kamba kwenye mlango, usawa wa pua yake. Njuga nayo yafaa. Kila mnapotoka, shika mguu wake wa mbele taratibu uguse kopo lilie, ndipo ufungue. Wengine hupaka kopo mafuta kidogo ya karanga, mbwa akalamba, likalia lenyewe. Kopo likilia, mlango unafunguka: hilo ndilo jambo la pekee unalotaka alielewe. Wengine huelewa kwa juma moja, wengine mwezi, na hata aliyeelewa atakosea mara moja moja mpaka afikishe miezi sita hivi. Akianza kuchezea kopo ili atoke kuruka na watoto, mpeleke mahali pake, simama kimya kidogo, na kama hana haja mrudishe ndani bila dagaa.

Umri nao ni kitu. Mbwa wa miezi miwili hawezi kujizuia mchana zaidi ya saa mbili au tatu. Usiku akilala huvumilia zaidi, lakini si mpaka alfajiri. Mpe chakula cha jioni mapema, mtoe kabla hujalala, na katikati ya usiku amka mara moja. Maji usimnyime, joto letu la Oktoba mnalijua.

Na fimbo je? Watu wengi humburuta mbwa mpaka kwenye uchafu, wakamsukumia pua humo na kumpiga. Mbwa hawezi kuunganisha kipigo cha asubuhi na mkojo wa usiku. Anachojifunza ni kwamba haja ni kosa ukionekana na mtu. Kuanzia siku hiyo atajificha nyuma ya magunia, na akitolewa nje atajizuia mbele yako. Nimeona nyumba ambazo mbwa amefundishwa hivyo kwa bidii kabisa, halafu wanashangaa.

Akikosea, safisha kwa maji na sabuni. Sakafu ikiwa ya udongo, kwangua ule uliolowa, utoe nje, usiribe upya. Harufu ikibaki atarudi hapohapo. Kinyesi kifukie mbali na kisima na bustani ya mboga, wala usikitie shambani kama samadi. Mbwa wadogo wengi huzaliwa na minyoo waliyoipata kwa mama yao, na mayai ya minyoo hiyo hukaa udongoni muda mrefu. Mtoto wetu anayecheza chini huyameza kwa mikono yake, na minyoo ikizunguka mwilini yaweza kufika hata jichoni. Kwa hiyo mwone Bwana Mifugo juu ya dawa ya minyoo mapema, na siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa mpeleke, kisha urudie kila mwaka.

Wapo ndugu zetu ambao dini yao haiwaruhusu kukaa na mbwa ndani. Somo kwao ni lilelile, ila mlango ni wa banda, na banda lijengwe karibu na dirisha la chumba ili kopo lisikike.

Nimebakiza jambo moja, nalo linanihusu mimi. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilikuwa na mbwa mdogo mwekundu. Nilimfundisha vizuri, akawa anaamsha nyumba nzima. Usiku mmoja mvua ilikuwa inanyesha, kopo likalia. Nikafungua mlango, nikamsukuma nje kwa mguu, nikarudi kitandani kumngoja huko. Nililala. Asubuhi palikuwa na nyayo za fisi kwenye matope, basi. Tangu siku hiyo natoka naye, tochi mkononi, fimbo mkono wa pili, na yeye kwenye kamba. Fimbo hiyo ni ya fisi na nyoka.

Wenyeji wa Kwihara mnalijua lile tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872, sasa ni makumbusho. Katika safari zake alikuwa na mbwa mdogo mwenye manyoya ya kujisokota, jina lake Chitane. Msafara ukienda, Chitane alikimbia mpaka kwa wa kwanza, kisha akarudi kwa wa mwisho na kumbwekea asichelewe. Hakufika Tabora. Januari 1867, katika nchi ambayo leo ni Zambia, walivuka bwawa pana lenye maji mengi, kila mtu akihangaika asianguke, na Livingstone akasahau kuagiza mbwa abebwe. Akaogelea mpaka nguvu zikamwishia. Habari hiyo aliiandika mwenyewe, na mimi nilipoisoma nilikumbuka ule usiku wa mvua.

Yule mama hakumtupa mbwa wake porini. Nilipopita tena, mahindi yake yamefika magotini, tulikaa barazani akinieleza habari za palizi. Kopo likalia ndani. Aliniacha katikati ya neno, akainuka, akachukua kamba ukutani.

Juma lijalo tutazungumza juu ya nafasi za kupandia karanga. Mpaka hapo, ndugu mkulima, kwaheri.