Uchumi unakua, na kazi iko wapi?

Ndugu na dada wa Lubumbashi,

Munasikia kila siku kama uchumi wa inchi unakua. Ni kweli. Mwaka 2022 na 2023 ulikua zaidi ya 8 kwa mia. Mimi niko na diploma ya universite, na huu ni mwaka wa tatu natafuta kazi. Wengi humu muko vilevile. Si juu ya uvivu. Ni juu ya namna uchumi wenyewe umejengwa.

Kukua kwetu kunatoka kwenye machimbo. Kobalti ya dunia, zaidi ya nusu inatoka hapa. Lakini inaondoka ikiwa unga usiomalizika, inasafishwa China, na betri zinatengenezwa kule. Unga unaenda na kazi yake.

Angalieni kisiwa cha Morisi. Walikuwa wanaishi kwa sukari. Mwaka 1970 waliweka sheria ya viwanda vya kuuza inje. Haikupita miaka 20, nguo zikaleta pesa kuliko sukari. Watu walitoka shambani, wakaingia kiwandani, na siku moja ya kazi ikazaa zaidi.

Kwetu pia watu wanatoka shambani. Lakini wanafikia wapi? Kuuza uniti kando ya barabara, kubeba mizigo. Jasho ni lilelile, mapato ni yaleyale. Na shamba limebaki tupu, njo maana bukari yetu inangojea unga kutoka Zambia. Zambia ikifunga mupaka, bei inapanda hapa.

Sasa tufanye nini? Kodi ya madini ya 2018 inasema: asilimia 15 ya mrabaha inaenda kwa komine, mji ao sheferi yenye mgodi. Hiyo pesa ingeweza kuleta umeme kwa mafundi wanaochomelea na kushona, na barabara ya kutoa mahindi shambani. Bila umeme na barabara, hakuna kiwanda kitakachosimama.

Basi kila kikundi, Ruashi, Likasi, Kolwezi, kiandike barua kwa viongozi wake: mulipokea ngapi, mulinunua nini? Muombe jibu kwa maandishi, na mubakize kopi yenye muhuri. Wakinyamaza mwezi mzima, tunarudi pale, wengi zaidi, kwa amani.

Wasituhesabie tani tu. Watuhesabie na kazi.