Risala ya Wanachama: Mchango Wetu kwa Idara ya Dharura

Ndugu Mgeni Rasmi,
Ndugu viongozi wa kata,
Ndugu waganga na wauguzi mlioitikia mwaliko wetu,
Akina mama wenzetu, na kina baba mliotuunga mkono:

  

Habari za hisa, mikopo na gawio mtazisikia kwa Mweka Hazina. Sisi tuna jambo moja tu: mchango wa kukarabati idara ya dharura ya hospitali yetu ya wilaya.

Ndugu Mgeni Rasmi, jambo hili lilitukalisha vikao kadhaa. Wapo wenzetu waliouliza: "Jamani, Serikali si inakusanya kodi? Na hisa hizi si jasho letu?" Maswali hayo ni ya haki. Fedha za hisa ni za ada ya mtoto na mtaji wa genge. Kwa hiyo tulikubaliana kwamba sanduku lenye kufuli 3 halitaguswa. Mchango utatoka katika mfuko wa jamii, kwa kiasi kilichopitishwa na mkutano, na anayetaka kuongeza ataongeza kwa hiari yake. Asiyeongeza hatanyimwa mkopo wala kunyooshewa kidole.

Kwa nini dharura? Kwa miaka mingi katika hospitali zetu nyingi, mgonjwa mahututi alifikia mahali pale pale anapofikia mwenye kikohozi, wakapanga foleni moja. Idara kamili ya dharura katika hospitali ya umma hapa nchini ilifunguliwa Muhimbili mwaka 2010, Serikali ikishirikiana na Abbott Fund. Mwaka 2021 nchi ilipata mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kwa ajili ya mapambano ya UVIKO-19, na sehemu yake ikajenga majengo ya dharura katika hospitali mbalimbali. Penye jengo la zamani, ukarabati unahitaji mikono mingi.

Akina mama tunalijua jambo hili kuliko wengine. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua anaweza kufa ndani ya saa chache, hata kama aliamka mzima. Mtoto mwenye degedege hasubiri zamu. Kijana aliyeanguka na bodaboda naye hivyo hivyo. Kazi ya kwanza ya idara ya dharura ni kuwapanga wagonjwa kwa uzito wa hali zao: mwenye alama nyekundu anaingia sasa hivi, mwenye kijani anaweza kungoja. Hapo hakuna kuangalia nani alitangulia kufika.

Kwa sababu hiyo tumeomba ukarabati uanzie mlangoni. Machela ipite bila kubebwa juu ya ngazi. Kitanda cha mahututi kiwe karibu na mlango, oksijeni ikiwa kando yake. Maji yatoke bombani, na taa iwake usiku hata umeme ukikatika. Rangi ya ukuta ije baadaye.

Tunayo maombi matatu kwa uongozi wa hospitali. La kwanza, kila mchango upewe stakabadhi, na matumizi yabandikwe kwenye ubao wa matangazo. Sisi kwenye kikoba tunahesabu fedha mbele ya wote. Tunaomba utaratibu uwe huo huo. La pili, fungu la matengenezo litengwe tangu sasa, maana mashine ya oksijeni ikiharibika bila fundi inageuka kabati. La tatu, na hili ndilo kubwa, asije mgonjwa akaulizwa mlangoni kama nyumbani kwao walichangia. Tunatoa ili hata jirani asiye na senti apokewe kwanza, mengine yafuate.

Wenzetu, mchango hauishii kwenye fedha. Kitanda kizuri bila damu hakimwokoi mama anayevuja damu. Mwenye afya njema, aliyefikisha miaka 18 na uzito wa kilo 50, anaweza kuchangia damu: wanaume kila baada ya miezi 3, wanawake kila baada ya miezi 4. Kina baba, hapo mmetuzidi nafasi, tunawasubiri. Akina mama wajawazito na wanaonyonyesha wapumzike kwanza.

Kwa miaka 10 tumejifunza kwamba mia mia zetu, zikiandikwa vizuri na kutunzwa kwa uaminifu, zinajenga nyumba na kusomesha watoto. Tunaamini zitasaidia pia kumfikisha mtu kitandani akiwa bado anapumua. Ndugu Mgeni Rasmi, tunaomba utubebee maombi haya matatu, na mwakani uje tukusomee yaliyotimia na yaliyobaki.

Kikoba hoyee! Akina mama hoyee!