Tusidharau wimbi kwa udogo wake

(Mazungumzo yaliyotangazwa redioni wiki hii)



Msafiri atokaye Tabora kwenda Nzega hupita Puge akiwa karibu na nusu ya safari. Njia nzima ni kama kilomita 115, na siku hizi ni ya lami. Msimu wa mvua ukifika, majaruba ya mpunga hujaa maji na watoto hupata mchezo. Mtoto huokota jiwe, hulitupa majini, na duara hutoka pale lilipoangukia. Duara hupanuka, hupungua nguvu, kisha hupotea. Sote tumewahi kutupa mawe hayo, na sote tulijifunza jambo moja bila mwalimu: wimbi dogo hufa lenyewe.

Leo nataka kusema kwamba somo hilo ni nusu tu ya ukweli. Nusu ya pili iligharimu maisha ya watu katika fukwe zetu mnamo Desemba 26, 2004.

Tuanzie papo hapo Puge, maana nchi ile inajua habari za mwendo. Kabla ya reli na kabla ya lami, Wanyamwezi walibeba mizigo kutoka bara hadi pwani na kurudi. Wazungu wawili, Burton na Speke, waliondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857 wakafika Kaze, ndiyo Tabora ya leo, Novemba 7 mwaka huo huo. Safari ilikula siku 134. Mwaka uliofuata Speke alishika njia ya kaskazini, akakata nchi ya Wanyamwezi na ya Wasukuma, akaliona ziwa karibu na Mwanza Agosti 3, 1858.

Sasa fikiria mstari wa wapagazi mia mbili, kila mmoja na mzigo wa frasila 2, yaani kama kilo 32. Wenye mwendo wakiwa mbele na wachovu wakiwa nyuma, msafara hurefuka. Asubuhi ulikuwa kundi moja, jioni wa mbele hamsikii tena wa nyuma. Lakini wenye mwendo wakiwa nyuma na wachovu mbele, mambo hugeuka. Wa nyuma humfikia wa mbele, mzigo hugonga mzigo, na mahali palipokuwa na watu kumi panakuwa na watu hamsini. Ndiyo maana mbele alitangulia kirangozi, na aliyethubutu kumpita aliweza kutozwa faini. Haikuwa suala la heshima peke yake. Ilikuwa njia ya kuzuia msafara usijikanyage.

Wimbi nalo ni msafara. Ndani yake mna nguvu mbili zinazoshindana. Moja hulitawanya: sehemu zake huenda kila moja kwa mwendo wake, au hupanuka kila upande, na wimbi hupungua. Nyingine hulijaza: wimbi hujilisha kwa nguvu yake lenyewe, na kadiri linavyokua ndivyo linavyojilisha zaidi. Ikishinda nguvu ya kutawanya, wimbi hutulia. Ikishinda nguvu ya kujaza, wimbi hulipuka. Na zikilingana, hutokea ajabu ya tatu. Mwaka 1834 mhandisi John Scott Russell aliona karibu na Edinburgh wimbi moja likitoka mbele ya jahazi la mfereji lililosimama ghafla. Alilifuata akiwa juu ya farasi kwa zaidi ya maili moja, na wimbi likawa linaenda bila kubadili umbo lake kwa kiasi kikubwa. Lilikuwa limempata kirangozi wake.

Swali ambalo wataalamu wa hesabu wamehangaika nalo ni hili: tunaweza kujua mapema ni wimbi gani litatulia na ni lipi litalipuka? Wanapoandika mwendo wa wimbi kwa hesabu, huandika mlinganyo. Mlinganyo mwepesi ni ule ambao ukiongeza jiwe mara mbili, wimbi nalo huongezeka mara mbili, basi. Mgumu ni ule ambao wimbi hujilisha lenyewe, na hapo ukiongeza jiwe mara mbili huwezi kuahidi kitu. Wakisema jawabu la mlinganyo limelipuka, maana yake ni kwamba tarakimu hukua bila kikomo katika muda unaohesabika, na hesabu yenyewe haina la kusema zaidi.

Aliyetoa jibu moja la kukata na shoka ni Fritz John. Huyu alizaliwa Berlin mwaka 1910, akaikimbia Ujerumani Wanazi walipotwaa madaraka mwaka 1933, na hatimaye akawa mwalimu katika Chuo Kikuu cha New York. Mwaka 1979 alichapisha kazi kuhusu wimbi linaloenea katika nafasi yenye pande tatu, kama sauti inavyoenea hewani, na papo hapo likijilisha lenyewe. Hakuwa akipima bahari. Alikuwa akiuliza swali safi: kujilisha huko kukiwa kwa kiasi gani, wimbi litaponyoka?

Msiogope hesabu, ndugu wasikilizaji, hii ni ya darasani. Chukua wimbi dogo, tuseme sehemu moja ya kumi. Likijilisha kwa kipeo cha pili, yaani namba ikizidishwa kwa yenyewe, hupata chakula cha sehemu moja ya mia. Likijilisha kwa kipeo cha tatu, hupata sehemu moja ya elfu tu. Kwa hiyo wimbi dogo la kipeo cha tatu lina njaa, na kabla halijashiba limekwisha tawanyika. John alithibitisha kwamba mpaka uko kwenye namba moja: 1 ukijumlisha kipeuo cha pili cha 2, yaani karibu 2.414. Juu ya mpaka huo, wimbi likianza dogo vya kutosha, litadumu salama milele. Chini ya mpaka huo, wimbi hulipuka hata likianza dogo kiasi gani.

Hapo ndipo pa kusimama tukafikiri. Tulizoea kuamini kwamba kila hatari ina kiwango cha udogo ambacho chini yake haidhuru. Hesabu ya John inakataa. Kwa wimbi la kipeo cha pili udogo hauokoi, huchelewesha tu. Ukikata mwanzo wake nusu, mlipuko huchelewa takriban mara nne, lakini unakuja. Tena nafasi yenyewe ina neno. Wimbi likienea juu ya uso bapa badala ya hewani, lina pande chache za kutawanyikia, na mpaka hupanda hadi karibu 3.56. Wimbi lile lile la kipeo cha tatu lililonusurika hewani, hapo hulipuka. Wahenga hawakuwa na kipeuo cha pili, lakini walisema mdharau mwiba mguu huota tende.

Sasa tushuke pwani. Mawimbi ya bahari yana milinganyo yake, tofauti na ule wa Fritz John, lakini shindano ni lile lile la kutawanyika na kujazana. Tetemeko la ardhi la kipimo cha 9.1 lilitokea karibu na Sumatra, Indonesia, Desemba 26, 2004, muda mfupi kabla ya saa 10 alfajiri kwa saa zetu. Kiasi cha saa 2 baadaye satelaiti iitwayo Jason-1 ilipita juu ya Bahari ya Hindi ikapima mwinuko wa wimbi. Ulikuwa kama sentimita 60. Sentimita sitini, ndugu wasikilizaji, katikati ya bahari! Baharia aliyekuwa juu yake hakuhisi kitu. Kwa macho ya mtoto wa Puge lile lilikuwa wimbi la kufa lenyewe.

Halikufa, kwa sababu lilikuwa refu mno, urefu wa mamia ya kilomita, na wimbi refu namna hiyo halitawanyiki upesi. Mwendo wake hutegemea kina cha maji. Penye kina cha mita 4,000 huenda kama kilomita 700 kwa saa, mwendo wa ndege. Likifika penye mita 10 hupungua hadi kama kilomita 36 kwa saa, mwendo wa lori lenye mzigo. Wa mbele amechoka, wa nyuma bado anakuja mbio. Maji hujazana na kupanda. Na kwa kuwa mgongo wa wimbi una kina kikubwa chini yake kuliko bonde lake, mgongo huenda kasi zaidi, huufikia uso wa mbele, na uso huo huzidi kuwa wima kama ukuta. Ndio msafara usio na kirangozi.

Somalia ilifikiwa baada ya saa kama 7, na karibu watu 300 walipoteza maisha, wengi wao katika eneo la Hafun. Kenya ilipoteza mtu mmoja. Huko Mombasa watu waliondolewa fukweni kwa amri, baada ya wakuu kuona habari za Asia. Kwetu Tanzania walikufa watu wasiopungua 10, wengi wao vijana waliokuwa wakiogelea sikukuu.

Kutoka Sumatra hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 6,000. Kwa mwendo ule wa kilomita 700 kwa saa, ni safari ya saa kama 9. Saa tisa! Katika saa tisa mtu anaweza kwenda Kariakoo, kurudi, kupika, kula, kulala kidogo, na bado akapata muda wa kumwambia mwanawe: leo usiende baharini. Hesabu ilitupa muda, nasi hatukuutumia.

Nami sitawanyoshea wengine kidole nikajiacha. Wakati huo nilikuwa kijana mpya katika chumba cha habari. Asubuhi ile taarifa ya tetemeko ilifika mezani, tukaisoma hewani kama habari ya ng'ambo, baada ya habari za nyumbani. Kisha tukapiga muziki wa sikukuu. Hakuna aliyekosea kusoma. Tulisoma vizuri sana. Ila hakuna aliyeuliza swali moja la kitoto: bahari ile ya Sumatra na hii yetu, si ni moja? Tulipima habari kwa umbali ilikotoka, kama vile watu wanavyopima wimbi kwa udogo wake.

Bahari ya Pasifiki ilikuwa na kituo cha kutoa tahadhari tangu mwaka 1949. Bahari ya Hindi haikuwa na mfumo wake hadi baada ya msiba huo, na mfumo kamili ulianza kazi mwaka 2011. Kwa upande wetu, jukumu la kupokea na kutoa tahadhari hizo liko kwa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Aprili 11, 2012 tetemeko la kipimo cha 8.6 lilitokea tena upande ule ule wa Sumatra, na tahadhari zikatolewa katika nchi za Bahari ya Hindi. Wimbi kubwa halikuja, kwa kuwa safari hiyo miamba ya chini ya bahari iliteleza zaidi kwa upande kuliko kuinuka. Wapo waliocheka wakasema wametishwa bure. Mimi nasema hawakutishwa bure. Mwenye kusubiri kuona ukuta wa maji ndipo akimbie amekwisha chelewa.

Basi kazi iliyobaki ni ya kilomita ya mwisho, kutoka ofisini kwa mtaalamu hadi kwenye sikio la kijana aliyevua shati ufukweni. Kilomita hiyo haipimwi kwa satelaiti. Ni ya redio, ya simu ya mkononi, ya mwenyekiti wa mtaa, ya mwalimu, ya muuza mihogo wa pwani. Kila mmoja ajue mambo matatu. Ukihisi ardhi inatetemeka kwa nguvu au kwa muda mrefu ukiwa pwani, ondoka upande mahali pa juu. Ukiona bahari imerudi nyuma ghafla na samaki wamebaki wazi, usiende kuokota samaki, kimbia. Na wimbi la kwanza likipita usirudi, kwa maana la kwanza si lazima liwe kubwa kuliko yote.

Mtu wa Puge atasema haya yanamhusu nini, naye yuko bara? Babu zake walikwenda pwani kwa miguu wakiwa na frasila mbili begani. Wajukuu wao leo wamo Dar es Salaam, wengine wameiona bahari wakiwa watu wazima, na sikukuu ikifika huenda kuogelea kama wenzao. Hao wamelelewa na jaruba. Wamefundishwa kwamba wimbi dogo hufa lenyewe. Ni juu yetu kuwafundisha nusu ya pili.

Kwa hiyo, ndugu wasikilizaji, likija jambo mbele yenu, liwe la bahari au la nchi kavu, msiulize kwanza ni kubwa kiasi gani. Ulizeni linajilisha kwa kiasi gani, na lina nafasi gani ya kutawanyika. Mkishapata jibu, ulizeni tumebakiwa na saa ngapi. Kisha msizitumie saa hizo kupiga muziki.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.