Utulivu wa Chumba cha Kujifungulia
Kwa mjamzito wa Katoyi, mtaa wa komini ya Karisimbi katika Goma iliyotekwa na waasi wa M23 Januari 2025, utulivu wa chumba cha kujifungulia ni sehemu ya tiba, kwa kuwa hofu huongeza adrenalini, homoni ya tahadhari, ambayo yaweza kudhoofisha oksitosini, ile inayokaza mji wa mimba na kumsukuma mtoto. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba mzazi awe na msindikizaji amtakaye na, asipokabiliwa na hatari kubwa, atembee, anywe na ale. Utulivu huo hauhitaji mashine: pazia la kitenge kati ya vitanda, mwanga hafifu, na mkunga anayebisha hodi, heshima inayosahauliwa mno, hutosha kuanzia, mradi huduma ya upasuaji wa dharura iwe karibu.