KODI TUNALIPA WOTE, KADI YA BIMA IMEFUATA MSHAHARA
(Maneno ya Katibu kwenye mkutano wa tawi. Yanatumwa kwa wanachama ambao hawakuweza kufika. Soma, kisha mpelekee na jirani.)



Mmenitaka niseme juu ya bima ya afya kwa kuwa mimi ni mtu wa mahesabu. Basi siasa leo nitapunguza, tupige hesabu.

Tuanze na mwalimu. Tuseme mshahara wake wa msingi ni shilingi 800,000. Utaratibu wa NHIF tuliouzoea tangu mfuko ulipoanza kazi mwaka 2001 ni huu: mtumishi anakatwa asilimia 3, mwajiri anaongeza asilimia 3. Kwa mwalimu huyu ni 24,000 kutoka kwake na 24,000 kutoka kwa mwajiri. Jumla 48,000 kwa mwezi, 576,000 kwa mwaka. Anatibiwa yeye, mwenza wake na wategemezi hadi wanne. Akistaafu, yeye na mwenza wanaendelea kutibiwa bila kuchangia.

Sasa mwajiri wa mwalimu ni nani? Ni Serikali. Na Serikali fedha inazitoa wapi? Kwenye kodi zetu. Mama anayekaanga chapati pale sokoni akinunua sabuni, VAT ya asilimia 18 imo ndani ya bei. Akinunua soda, ushuru umo. Akiweka vocha, vilevile. Kwa hiyo katika ile 24,000 ya pili, senti zake nazo zimo. Lakini mwanawe akishikwa na homa usiku, anafungua pindo la kanga.

Msinielewe vibaya. Walimu na manesi tunao humu tawini na kadi zao ni haki yao, wamezichangia. Ninachosema ni kwamba mama wa chapati naye amechangia, ila mchango wake hauna jina lake.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hamlijui. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inasema mwajiri akimlipia mfanyakazi matibabu au bima ya matibabu, yeye, mwenza na watoto wasiozidi wanne, na huduma hiyo ikatolewa kwa wafanyakazi bila ubaguzi, fedha hiyo haihesabiwi kuwa kipato cha mfanyakazi. Maana yake nini? Meneja anayelipwa zaidi ya milioni 1 kwa mwezi, akiongezewa milioni 1 taslimu, TRA inachukua 300,000. Milioni hiyohiyo ikilipwa kama bima, hakatwi kitu. Kampuni nayo inaiandika kwenye gharama za biashara.

Njoo kwa fundi seremala mwenye mauzo ya milioni 20 kwa mwaka asiyeandika vitabu. Yeye anakadiriwa kwa mauzo. Faida haiulizwi, na bima aliyowakatia wanawe haimpunguzii hata shilingi moja ya kodi. Mwenye ajira amepata unafuu mara mbili, asiye na ajira hajapata hata mara moja. Hili ni la kumweleza mbunge wetu, na tumweleze kwa hesabu hizi, tusiishie kulalamika.

Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Mwajiri wa sekta binafsi anatakiwa amsajili mfanyakazi ndani ya siku 30 tangu mkataba uanze, na achangie si chini ya nusu. Ni hatua kubwa. Lakini sikilizeni neno hilo: mkataba. Vijana wetu wanaolinda magodauni, mabinti wa mama lishe na wa saluni, makondakta, wangapi wana karatasi? Mtu kafanya kazi kwa bosi miaka sita, kwenye maandishi hayupo. Siku 30 zake zitahesabiwa kuanzia lini? Kwa hiyo ukitaka bima, anza kudai mkataba.

Na wewe unayekatwa tayari, usiridhike na mstari kwenye hati ya mshahara. Makato ni kitu kimoja, kuwasilishwa ni kingine. Kahakiki kadi yako ukiwa mzima, usisubiri mke awe wodi ya wazazi.

Kwa sisi wa kujiajiri ugumu hasa ni lini unalipa. Mfuko wa kaya wa CHF iliyoboreshwa ulikuwa 30,000 kwa watu sita kwa mwaka huku mikoani, na bado wengi hawakulipa. Dharau haikuwapo, siku ya kulipa fedha haikuwapo. Wengine hungoja mpaka mtu augue ndipo wakimbilie bima. Mnakumbuka Toto Afya Kadi, ile ya 50,400 kwa mtoto. Usajili wa mtoto mmoja mmoja ulisitishwa mwaka 2023, na sababu mojawapo iliyotajwa ni kwamba waliosajiliwa wengi walikuwa tayari wagonjwa. Bima ya wagonjwa watupu haiwezi kusimama, hata angeiendesha malaika.

Kwa hiyo Kamati imekubaliana hivi. Kila kikundi cha vikoba cha wanachama kifungue mfuko wa bima peke yake, usiokopeshwa. Hisa zikigawanywa mwisho wa mwaka, bima ikatwe kwanza, kabla ya sikukuu. Mwenye bodaboda akiweka 500 kwa siku, kwa siku 300 ana 150,000.

Kuhusu wasio na uwezo kabisa, sheria imewawekea mfuko. Tutamwomba Mwenyekiti wa Mtaa vigezo na majina visomwe hadharani kwenye mkutano wa mtaa. Mzee asiye na mtu asiachwe kwa sababu hakuwa na wa kumsemea, awe mwanachama wetu au la.

Viongozi wa mashina, nileteeni kabla ya Jumapili idadi tatu: kaya zenye bima, kaya zisizo nayo, na wafanyakazi wasio na mkataba. Majina ya waajiri msiyaweke humu kwenye simu, nileteeni kwa karatasi.

Katibu wa Tawi